Java ikipanda toleo, ripoti za zahanati Handeni na Korogwe zinahusikaje?

Kila mwezi, zahanati na vituo vya afya vya Handeni na Korogwe hujumlisha vitabu vya MTUHA: wagonjwa wangapi wa malaria, akina mama wangapi wamejifungua, watoto wangapi wamechanjwa. Takwimu hizo huingizwa kwenye DHIS2, mfumo unaoiwezesha halmashauri, mkoa na wizara kuona hali ya afya ilivyo.

Programu ya DHIS2 iliyoko kwenye seva imeandikwa kwa lugha ya Java. Java nayo ina matoleo, kama simu yako ilivyo na matoleo ya Android. Matoleo hayo yasipopatana, mfumo haufunguki.

Java inafanyaje kazi?

Mtaalamu akishaandika programu kwa Java, maandishi yake hugeuzwa kuwa faili za kati. Kompyuta haizisomi moja kwa moja. Lazima iwepo injini ya Java ya kuzisoma na kuziendesha. Faida yake ni kwamba programu ileile inafanya kazi kwenye Windows au Linux bila kuandikwa upya.

Kila faili hubeba namba ya toleo. Ya Java 8, iliyotoka 2014, ni 52. Ya Java 11 (2018) ni 55, na ya Java 17 (2021) ni 61. Injini ya Java 11 ikikutana na faili yenye 61, inagoma hapohapo.

Si injini mpya inasoma faili za zamani?

Mara nyingi ndiyo, lakini si kila wakati. Java 11 iliondoa baadhi ya vifaa vya kushughulikia data za XML vilivyokuwemo kwenye Java 8. Java 17 ikafunga milango ya ndani ambayo programu nyingi zilikuwa zinapitia kinyemela.

Programu iliyozoea vitu hivyo inaweza kuwaka vizuri asubuhi, halafu ikakwama mchana mtu anapobonyeza kitufe cha kutoa ripoti. Hii ni mbaya kuliko kugoma mapema, maana watu wameshaanza kuitegemea.

DHIS2 inataka Java ipi?

DHIS2 toleo la 2.38 linahitaji Java 11. Toleo la 2.41, lililotoka 2024, linahitaji Java 17. Kwa hiyo huwezi kupandisha DHIS2 ukaiacha Java ya zamani palepale.

Kubaki na toleo la zamani miaka yote nako si dawa. Timu ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, inayoitengeneza DHIS2, hutoa marekebisho ya usalama kwa matoleo machache ya karibuni tu. Na humo ndani kuna taarifa za afya za watu.

Hatua za kupandisha toleo salama

1. Chukua nakala ya data yote, kisha jaribu kuirudisha. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa si ya kuaminika.
2. Weka Java mpya na DHIS2 mpya kwenye seva ya majaribio kwanza.
3. Jaribu kazi za kila siku: kuingiza takwimu, kutoa ripoti, kufungua chati. Usiishie kuona ukurasa wa kuingilia umefunguka.
4. Kagua programu za ziada zilizoongezwa na wataalamu wa ndani. Hizo ndizo husahaulika.
5. Hamisha siku ambazo si za msimu wa ripoti za mwezi.

Wewe unayeingiza takwimu ufanye nini?

Mfumo ukigoma, vitabu vya MTUHA bado vipo, hivyo takwimu hazijapotea. Zinachelewa tu. Ila kuchelewa nako kuna gharama: malaria ikipanda ghafla kijiji fulani, wilayani watajua baadaye.

DHIS2 huweza kutunza kwenye kivinjari takwimu ulizoingiza mtandao ukiwa umekatika, ikazituma ukirudi. Kwa hiyo usifute data za kivinjari kabla hazijatumwa.

Na kama unatumia programu ya DHIS2 ya simu, usiharakishe kuipandisha toleo. Muulize kwanza mtaalamu wa TEHAMA wa halmashauri kama toleo hilo linaendana na seva.