Mcheza kwao hutuzwa, lakini mgeni je?

Nikiandika habari za michezo ya Marekani, hakosi msomaji wa kuniuliza: kwani Wamarekani wana nini, hata wajaze uwanja wa watu laki moja kutazama wanafunzi wa chuo? Ni swali la haki. Leo nitalijibu kwa msimu mmoja tu, ule wa 2024 wa timu ya Chuo Kikuu cha Ohio State, mjini Columbus. Nimeuchagua kwa sababu una mpira, una pesa, na una somo kwa mzazi wa Pwani ambaye mwanawe ameahidiwa ufadhili wa masomo huko kwa ajili ya mbio au mpira wa vikapu.

Kwanza mchezo wenyewe. Futiboli ya Marekani si hii kandanda yetu. Kila upande una wachezaji 11 uwanjani, na mpira hubebwa mkononi au hurushwa. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu, hupewa nne nyingine. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira mwisho wa uwanja ni pointi 6, na mkwaju unaofuata huongeza 1. Kuupiga kati ya milingoti miwili ni pointi 3. Ukishayajua hayo, mengine utayafahamu ukitazama.

Msimu wa kawaida huwa na mechi 12. Zamani kidogo, ukipoteza mechi mbili, ndoto ya ubingwa ilikuwa imekwisha, kwa kuwa ni timu nne tu zilizoingia mtoano wa mwisho. Mwaka 2024 nafasi ziliongezwa zikawa 12, na hapo ndipo Ohio State waliponusurika. Oktoba walifungwa na Oregon, 32 kwa 31. Tarehe 30 Novemba wakawakaribisha nyumbani mahasimu wao wa jadi, Michigan, ambao msimu huo walikuwa wakisuasua: ushindi sita, vipigo vitano. Huku kwetu ilikuwa saa mbili usiku mechi ilipoanza. Ohio State wakalala 13 kwa 10, mara yao ya nne mfululizo kufungwa na Michigan. Vijana wakakunjana mashati katikati ya uwanja, polisi wakapuliza dawa ya pilipili, na mashabiki wakataka kocha Ryan Day afukuzwe.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mtoano ulipoanza, Ohio State waliwafunga Tennessee 42 kwa 17, wakalipiza kisasi kwa Oregon 41 kwa 21, kisha wakawatoa Texas 28 kwa 14. Fainali ilichezwa Atlanta tarehe 20 Januari 2025. Kwetu ilikuwa saa tisa na nusu usiku wa kuamkia Jumanne, nami nilikesha. Ohio State waliongoza 31 kwa 7, Notre Dame wakapanda hadi 23, moyo ukaanza kunidunda. Hapo mrushaji Will Howard akampelekea Jeremiah Smith, kijana wa mwaka wa kwanza, mpira wa yadi 56 ulioivunja mechi. Ikaisha 34 kwa 23. Mechi 16, ushindi 14, ubingwa wa kwanza tangu msimu wa 2014.

Sasa tuje kwenye pesa. Kwa miaka mingi, mapato ya mchezo huu yaliwafikia wote isipokuwa wachezaji. Televisheni zililipa, tiketi ziliuzwa, makocha walichukua mamilioni ya dola kwa mwaka, na kijana anayevunjwa mbavu alipewa karo, malazi na chakula. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilisema mwanafunzi si mfanyakazi. Mwaka 2021 ukuta ulianza kubomoka. Mwezi Juni Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi ya NCAA, majaji wote tisa kwa kauli moja, kuhusu mipaka ya manufaa ya kimasomo ambayo wanamichezo wangeweza kupewa. Siku chache baadaye NCAA ikawaruhusu wachezaji kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, kwa mfano katika matangazo ya biashara. Na kuhama chuo, ambako zamani kulimgharimu mchezaji mwaka mzima wa kukaa benchi, kukawa rahisi.

Ohio State walizitumia fursa zote mbili. Howard alitoka Kansas State. Mlinzi Caleb Downs alitoka Alabama. Mkuu wa michezo wa chuo hicho alisema hadharani kwamba kikosi kile kiligharimu kama dola milioni 20, zaidi ya shilingi bilioni 2.5 za Kenya. Mwezi Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka kwa kila chuo. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, na mimi naona ni haki yao waliyocheleweshewa.

Ila methali inasema kwao. Mwanafunzi wa kigeni huingia Marekani kwa viza ya F-1, na viza hiyo inabana sana kazi: muhula ukiendelea, ni saa 20 kwa wiki ndani ya chuo, na nje ya chuo mpaka upate kibali. Akitia saini mkataba wa tangazo na kulifanyia kazi akiwa Marekani, anahatarisha viza yenyewe. Mtazameni Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi, aliyetajwa mchezaji bora wa mpira wa vikapu wa vyuo mwaka 2022 akiwa Kentucky. Alisubiri timu iliposafiri Bahamas mwezi Agosti ndipo akafanya kazi za matangazo yake huko, nje ya ardhi ya Marekani. Wenzake wazawa hawakuhitaji kupanda ndege.

Basi mzazi mwenzangu, wakala akikujia na picha za viwanja vilivyofurika na hesabu za mamilioni, muulize kwa upole. Ufadhili ni wa karo yote au nusu? Unahakikishwa kwa miaka minne au unapitiwa upya kila mwaka? Mtoto akiumia goti, nani atalipa hospitali, na masomo yataendelea? Na kabla mwanao hajatia saini karatasi yoyote ya pesa, aende kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake, si kwa wakala. Akija na shahada mkononi, amepata. Yale mamilioni ya Columbus yasikutie tamaa. Kwa sheria ilivyo leo, hayakuwekwa kwa ajili yake.