Madoa miguuni, kumbe ugonjwa uko moyoni

Wadau, mwaka juzi mshkaji wangu mmoja alianza kutoka vidoa vya zambarau miguuni. Unabonyeza kwa kidole, havififii. Duka la dawa wakasema aleji, wakampa prednisolone. Madoa yakapungua, ila homa ikawa inakuja na kuondoka, usiku jasho hadi shuka linalowa, malaria akipima hamna. Nilipomsindikiza hospitali ndo nikajifunza haya.

Vidoa vile ni mishipa midogo ya damu iliyovimba na kuvuja. Madaktari wanaita vaskulaitisi. Vyanzo ni vingi, kuna dawa tu ikikukataa inatosha. Lakini kwa wengine mzizi ni bakteria waliojibanza kwenye vali za moyo, ile milango inayofunguka na kufunga damu ikipita. Kinga ya mwili inashikana na vipande vya bakteria, mzigo huo unasafiri na damu na kunasa kwenye mishipa ya ngozi na figo, na hapo panavimba. Ndo maana hata mkojo unaweza kuwa na damu. Uchafu ukikatika kwenye vali ukafika ubongoni, ni kiharusi, hata kwa kijana wa miaka 20.

Angalia pia vimistari vya damu chini ya kucha, na vinundu vinavyouma kwenye ncha za vidole. Vinundu hivyo vina jina la William Osler, daktari wa Kanada aliyetoa mihadhara juu ya ugonjwa huu London mwaka 1885. Enzi hizo penisilini haikuwepo, karibu kila mgonjwa alikufa.

Kilichonitisha ni ile prednisolone. Inatuliza madoa, huku inapunguza nguvu ya kinga, bakteria wanajinafasi! Na ukimeza antibayotiki kiholela kabla ya kupima, damu ikioteshwa maabara huenda bakteria wasionekane. Damu itolewe kwanza, zaidi ya mara moja, halafu moyo upigwe ultrasaundi.

Waliingiaje? Wanaojidunga wako hatarini sana. Jamaa yangu yeye hajidungi. Utotoni aliumwa koo mara kwa mara bila kutibiwa, ikaleta homa iliyoharibu vali kimya kimya. Ukubwani jino bovu likawapa bakteria njia.

Alilazwa wiki 6 akichomwa antibayotiki za mshipa. Jino kang'oa, upasuaji kaukwepa. Mpira wa jioni bado daktari kamkatalia.