KULALA JIMBO MOJA, KUTOKA JASHO JIMBO JINGINE: KODI NI YA NANI?

Mfanyakazi anayeishi Kibaha na kufanya kazi Kariakoo huvuka mpaka wa mkoa mara mbili kila siku ya kazi. Alfajiri hutoka Mkoa wa Pwani, jioni hurejea, na katika safari yote hiyo lililo zito kwake ni nauli na msongamano wa magari. Kodi yake ya mapato haina habari na mpaka huo. Mwajiri huikata katika mshahara, huiwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na mambo yamekwisha.

Siku hizi, ndugu msomaji, ni nadra kupata mtaa wa mjini usiokuwa na familia yenye mtoto, shangazi au binamu anayefanya kazi Marekani. Jamaa hao hutuma fedha za ada, za matibabu na za kumalizia nyumba. Lakini pengine, ifikapo mwezi wa Aprili, husema katika simu kwamba safari hii hawawezi, kwani wanadaiwa kodi. Huku nyumbani maneno hayo hupokewa kwa mashaka. Je, hawakatwi katika mshahara kama sisi? Hukatwa, tena kila malipo. Hata hivyo inawezekana kabisa mtu aliyekatwa kodi mwaka mzima akajikuta mwisho wake bado anadaiwa maelfu ya dola, na sababu mojawapo ni kwamba alilala katika jimbo moja na kufanya kazi katika jimbo jingine.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba Mmarekani hulipa kodi ya mapato kwa zaidi ya serikali moja. Ipo Serikali ya Shirikisho, ambayo hutoza nchi nzima kwa sheria moja tangu katiba ilipobadilishwa mwaka 1913. Chini yake yako majimbo 50, na mengi kati ya hayo yana sheria zake yenyewe za kodi ya mapato, viwango vyake, fomu zake na maofisa wake. Majimbo tisa tu, miongoni mwao Texas na Florida, hayatozi kodi ya mshahara hata kidogo. Tena iko miji, kama vile New York na Philadelphia, inayotoza kodi yake juu ya zote hizo.

Mwajiri hukata fedha hizo, lakini yeye hamalizi kazi. Kila mwanzo wa mwaka humpa mfanyakazi karatasi ionyeshayo mshahara na makato ya mwaka uliopita, na mfanyakazi mwenyewe hukaa mezani na kujaza ritani ya kodi. Ikiwa alikatwa zaidi, hurudishiwa. Ikiwa alikatwa pungufu, hulipa tofauti. Kwa Serikali ya Shirikisho na kwa majimbo mengi siku ya mwisho ni tarehe 15 Aprili, na ndiyo maana simu za mwezi huo huwa na huzuni kidogo.

JASHO LILIPOTOKA

Nani basi mwenye haki ya kutoza mshahara uliopatikana ng'ambo ya mpaka? Swali hilo ni la zamani. Tarehe 1 Machi 1920 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu mbili kwa siku moja. Katika ya kwanza, mkaazi wa Chicago aliyekuwa na biashara ya mafuta Oklahoma alipinga kutozwa kodi na jimbo ambalo hakuishi. Alishindwa. Mahakama ilisema kuwa jimbo laweza kutoza mapato yaliyopatikana ndani ya ardhi yake, hata kama mwenye mapato hulala kwingine.

Hukumu ya pili inawahusu zaidi wenye familia. Ilifunguliwa na kampuni ya Yale & Towne ya Connecticut, ile ile ambayo jina lake la kwanza wasomaji wengi wameliona katika kufuli za milango yao. Baadhi ya wafanyakazi wake waliishi Connecticut na New Jersey lakini walifanya kazi New York. Sheria ya New York ilimwachia mkaazi wake sehemu ya kwanza ya mapato bila kodi, dola 1,000 kwa asiyeoa na 2,000 kwa mwenye ndoa, lakini mtu wa kutoka nje alinyimwa. Mahakama ikasema hapana: kutoza ruhusa, kubagua marufuku. Msimamo huo ulirudiwa mwaka 1975 ilipotanguliwa kodi ya New Hampshire iliyowaangukia wafanyakazi wa kutoka majimbo mengine peke yao, huku wenyeji wakisalimika.

Kwa hiyo jimbo la kazi lina haki. Lakini jimbo la nyumbani nalo lina yake, kwani hutoza mapato yote ya mkaazi wake popote yalipotoka. Na neno mkaazi hapa halihusu uraia wala pasipoti. Mtu aliyezaliwa Tanga akafanya maskani yake Jersey City ni mkaazi wa New Jersey, sawa na jirani yake ambaye babu zake walizaliwa pale.

MUUGUZI NA MTO HUDSON

Tumchukue muuguzi wa mfano. Anaishi Jersey City, na kila siku hupanda treni ipitayo chini ya Mto Hudson, njia iliyofunguliwa mwaka 1908, hadi hospitali iliyoko Manhattan. Mshahara wake ni dola 80,000 kwa mwaka. Tuseme, kwa tarakimu za mfano tu, kwamba kodi ya New York juu ya mshahara huo ni dola 4,000 na ya New Jersey ni dola 3,000. Je, atalipa 7,000?

La. Hutozwa kwanza pale jasho lilipotoka, yaani New York, dola zote 4,000. Kisha hujaza ritani ya New Jersey, hutaja mshahara ule ule, na New Jersey humpunguzia kodi yake kwa sababu amekwisha lipa ng'ambo. Lakini nafuu hiyo haiwezi kuzidi kile ambacho New Jersey yenyewe ingemtoza. Dola 3,000 zinafutwa, basi. Ile 1,000 ya ziada hairudishwi na mtu yeyote. Kwa maneno mengine, mvuka mpaka hulipa kile kiwango kilicho kikubwa kati ya viwili. Ndiyo maana hushauriwa kujaza kwanza fomu ya jimbo la kazi, kwani bila jibu lake fomu ya nyumbani haikamiliki. Wako wanaoanza na ya nyumbani, wakafuta na kuandika upya mpaka usiku wa manane.

Jambo moja huwashangaza wanandoa. Tuseme mume wa muuguzi huyo anafanya kazi Newark, hukohuko New Jersey, na hajapata kukanyaga New York kikazi. Wakijaza pamoja ritani ya Serikali ya Shirikisho, kwa kawaida hulazimika kujaza pamoja ya New York pia. New York hukokotoa kodi kana kwamba mapato yote ya wawili hao ni yake, halafu huchukua sehemu inayolingana na mapato yaliyotoka kwake. Mshahara wa mume hautozwi, lakini umekwisha mpandisha mkewe ngazi ya juu ya kodi. Mwandishi wa makala haya alilazimika kuisoma kanuni hiyo mara tatu kabla ya kuiamini.

Hapo ndipo penye uchungu wa jambo lenyewe. Watoto wa nyumba hiyo husoma katika shule za Jersey City. Takataka zao huzolewa huko, na moto ukiwaka ni zimamoto wa huko watakaokuja. Lakini kodi ya mapato ya mshahara wa mama imebaki ng'ambo ya mto. New Jersey hulalamika juu ya jambo hilo mwaka nenda mwaka rudi, na kwa mtazamo wetu haikosi hoja, ingawa New York nayo hujibu kwamba reli, barabara na polisi wanaomlinda mfanyakazi huyo mchana kutwa hawalipwi kwa upepo.

Ugomvi ulizidi mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowafungia watu majumbani. Muuguzi aliendelea kuvuka mto, lakini mtunza hesabu wa hospitali ile ile alifanya kazi sebuleni kwake. Jasho sasa lilitoka New Jersey. Hata hivyo New York ina kanuni yake ya miaka mingi: mfanyakazi wa ofisi ya New York akifanya kazi nyumbani kwa hiari yake, si kwa sababu kazi yenyewe yadai hivyo, siku hizo huhesabiwa kuwa ni za New York. Profesa wa sheria Edward Zelinsky, aliyeishi Connecticut na kufundisha mjini New York, aliipinga kanuni hiyo hadi mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo, akashindwa mwaka 2003. New Hampshire nayo iliishitaki Massachusetts kwa kuwatoza watu waliokuwa wakifanya kazi majumbani mwao wakati wa korona. Mwezi Juni 2021 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza kesi hiyo. Mwaka 2023 New Jersey iliamua kujibu kwa silaha ile ile: ikatunga kanuni ya namna hiyo dhidi ya wakaazi wa majimbo yenye kanuni hiyo.

DENI LA APRILI

Sasa tugeuze safari. Kijana anaishi Bronx, katika mji wa New York, na hufanya kazi Newark kwa mshahara ule ule wa dola 80,000. Mwajiri wake humkata kodi ya New Jersey, dola 3,000 za mfano wetu, na kijana huona katika karatasi ya malipo kwamba amekatwa kodi ya jimbo. Hutulia. Hajui, au hakuambiwa, kwamba New York humdai 4,000 kama mkaazi na kumpunguzia zile 3,000 tu. Imebaki 1,000. Juu yake iko kodi ya mji wa New York, ambayo humfuata kila mkaazi wa mji na haipunguzwi kwa kodi aliyolipa New Jersey, tuiweke 2,500. Ifikapo Aprili kijana huyo anadaiwa dola 3,500 kwa mkupuo, na huenda akaongezewa adhabu kwa kuwa hakulipa kidogo kidogo ndani ya mwaka.

Dola 3,500 ni ada ya shule ya wadogo zake, au ni bati na misumari ya nyumba ya mama yake. Dawa yake yapatikana mwanzoni mwa mwaka wala si mwishoni. Kijana anaweza kumwuliza mwajiri kama yuko tayari kumkatia pia kodi ya jimbo la nyumbani. Mwajiri akikataa, kijana hukadiria mwenyewe na kulipa kwa mafungu manne, mwezi wa Aprili, Juni, Septemba na Januari. Akiwa na nidhamu, fedha hiyo huiweka kando kila mwezi na kuisahau.

Si kila mpaka ulio mgumu hivyo. New Jersey na Pennsylvania zina mapatano ya siku nyingi: mtu wa Camden anayevuka Mto Delaware kwenda kazini Philadelphia hutozwa kodi ya mshahara na jimbo lake la New Jersey peke yake, mradi ampe mwajiri fomu ya kuthibitisha makazi yake. Asipoitoa fomu hiyo atakatwa upande usiostahili, na itambidi aziombe fedha zake kwa maandishi. Tahadhari moja: mapatano hayo ni ya majimbo, na mji wa Philadelphia haumo. Mji huo humkata kodi yake kila anayefanya kazi ndani yake, ila New Jersey humpunguzia kwa ajili hiyo. Washington, mji mkuu, hali ni nyepesi zaidi. Sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 1973 iliunyima mji huo uwezo wa kutoza mapato ya wasio wakaazi, hivyo wanaotoka Maryland na Virginia kila asubuhi hulipa kwao tu.

Kumbe wako na walio na bahati mbaya kuliko wote. Jimbo la Washington, lililo mbali upande wa magharibi, halina kodi ya mshahara. Mkaazi wa Vancouver katika jimbo hilo anayevuka mto kwenda kazini Portland, Oregon, hulipa Oregon kodi kamili, na nyumbani hakuna kodi ya kupunguziwa.

Wauguzi wa zamu za usiku, baada ya kuchoka na treni, aghalabu hufikiria kupanga chumba karibu na hospitali, chenye jiko na bafu, ili walale huko siku za zamu. Wazo hilo ni zuri kwa miguu na baya kwa kodi. Sheria ya New York husema kwamba mtu mwenye makao ya kudumu jimboni humo karibu mwaka mzima, na ambaye amekuwamo kwa zaidi ya siku 183, huhesabiwa kuwa mkaazi, hata kama maskani yake halisi ni kwingine. Hapo New York hutoza mapato yake yote, na mji nao huongeza kodi yake ikiwa chumba kimo ndani ya mji. Tena saa chache tu za mchana hutosha kuwa siku. Kwa muuguzi wetu anayevuka Mto Hudson mara 220 kwa mwaka, siku 183 zimekwisha timia kabla ya vuli kwisha. Kilichobaki kumtofautisha na mkaazi wa New York ni kutokuwa na ufunguo wa nyumba upande ule.