Mikwaruzo Katika Rangi ya Motakaa

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo, nalo ni mikwaruzo katika rangi ya motakaa. Najua kwamba wengi wetu katika nchi hii ya Ngara na Biharamulo hatuna motakaa. Lakini ni vijiji vichache sasa visivyofikiwa na motakaa, na mara nyingi mwenyewe ni ndugu yetu, naye amekopa fedha ainunue ili apate kuchukua abiria. Mwenye ng'ombe mmoja hujua kila alama katika ngozi yake, na mwenye motakaa moja ni vivyo hivyo.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mdogo wangu alifika kwangu siku moja akitoka Biharamulo na motakaa yake ya buluu iliyoiva. Kilikuwa kiangazi, na vumbi lilikuwa limeifunika hata rangi yake haikujulikana. Tulipokuwa ndani tukila, mtoto mmoja wa darasa la kwanza aliiona boneti jinsi ilivyofanana na ubao wa shule, akaandika juu yake a, e, i, o, u. Hakushika jiwe wala kijiti, alitumia kidole chake tu. Herufi zilikuwa nzuri, nasi tukacheka. Lakini motakaa ilipokwisha oshwa, herufi zote tano zilikuwa zingali pale, zikisomeka kila jua lilipoinama.

Mimi, kwa kuwa ni mwalimu, nilidhani najua. Nikachukua majivu na stiliwaya ya kusugulia masufuria, nikasugua kwa nguvu. Kweli herufi zilitoweka, lakini mahali pake palibaki doa lenye upana wa sinia, lisilong'aa, lililofifia kama jicho la mzee asiyeona vizuri. Mdogo wangu akatazama, akasema, "Kaka, afadhali ungeniachia zile irabu." Hakusema zaidi. Boneti ilibidi ipakwe rangi upya, na fedha aliyomlipa fundi ndiyo ile aliyokuwa ameiweka kulipia deni lake. Tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza mafundi rangi kazi yao, nikasimama kando nikiwatazama, na haya nitakayowaambia ni yale ambayo yangalinifaa siku ile.

Yatupasa kwanza kuelewa rangi yenyewe. Mtu atazamapo motakaa hudhani kwamba ni bati lililopakwa rangi, basi. Sivyo. Juu ya bati hupakwa dawa ya kuzuia kutu, kisha rangi ya kwanza ambayo mafundi huiita praima, nayo kwa kawaida ni ya kijivu au nyeupe. Juu ya praima huja rangi tuionayo, nyekundu au buluu au yoyote. Na juu kabisa, katika motakaa nyingi za siku hizi, hupakwa kitu kama kioo, kisicho na rangi yake mwenyewe, kiitwacho klia. Klia ndiyo ing'aayo, na ndiyo izuiayo ukali wa jua usiichakaze rangi iliyo chini.

Ninyi wanafunzi, shikeni ukurasa mmoja wa daftari kwa vidole viwili. Tabaka zile zote nilizozitaja, tangu dawa ya kutu mpaka klia, unene wake kwa pamoja ni kama ukurasa huo mmoja, au mmoja na nusu. Ukigawa milimita moja katika sehemu 1,000, rangi yote ya kiwandani hupata sehemu 100 hadi 150 hivi, na klia peke yake 40 au 50 tu. Unywele wa kichwa chako huenda ukawa mnene kuliko klia. Basi mimi na majivu yangu tulikuwa tukisugua kitu chembamba kuliko unywele!

Sasa, mkwaruzo ni nini? Wengi husema "kuondoa mkwaruzo", kana kwamba ni tope lililogandama. Mkwaruzo ni mfereji. Ni mahali ambapo rangi imekwisha ondoka, na kitu kisichokuwapo hakiondoleki. Lipo shauri la namna mbili tu: ama kuzishusha kingo za mfereji mpaka zilingane na sakafu yake, ama kuujaza mfereji. Kwa hiyo kila polishi ikwanguayo, hata iwe laini namna gani, huondoa rangi nzima iliyo kando ili ile iliyoumia isionekane. Klia ni kama akiba ya mahindi ghalani: waweza kuchota, lakini kila uchotapo imepungua, wala polishi hairudishi hata punje moja. Ikiisha, jua hupiga rangi yenyewe, nayo hufifia na kubabuka.

Mtu ataniuliza, kidole cha mtoto ni laini, kimewezaje kukata? Kidole hakikukata, lililokata ni vumbi. Vilima vyetu vya Ngara vina mawe magumu meupe ambayo wataalamu huyaita kwazi, na chembe zake zimo katika vumbi jekundu la barabara. Kwazi hukwaruza hata kioo cha dirisha, sembuse rangi. Mtoto alizikandamiza chembe zile akaziburuta, na kila herufi ikawa kama imepigwa msasa. Dereva apangusaye motakaa kwa kitambaa kikavu asubuhi ili ing'ae mbele ya abiria hufanya kazi ile ile ya mtoto yule, ila yeye huifanya motakaa nzima, kila siku. Baiskeli zenye mikungu ya ndizi, miiba ya njia za upande wa Burigi, pembe za ng'ombe wetu ndefu, na kokoto zirushwazo na malori yaendayo Rusumo na Kabanga, hizo zote huumiza rangi. Lakini mafundi niliowauliza walisema kwamba mikwaruzo mingi waionayo imetiwa na kitambaa cha mwenyewe.

Basi kazi huanza kwa maji. Mimina maji mengi kwanza, bila kugusa, vumbi lishuke lenyewe. Kisha uwe na ndoo mbili, moja ya maji yenye sabuni isiyo kali, na moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila mara kabla ya kukirudisha kwenye sabuni. Mwenye ndoo moja huokota mchanga mlangoni akaupeleka kwenye boneti. Kitambaa kiwe laini, kama fulana kuukuu ya pamba isiyo na vifungo. Najua kwamba maji hubebwa kichwani mahali pengi hapa kwetu. Kama hayatoshi, afadhali motakaa ikae na vumbi lake.

Ikisha kuwa safi na kavu, pima kina cha mkwaruzo. Tia tone la maji juu yake. Ikiwa mkwaruzo unatoweka mpaka maji yakauke, basi umo katika klia tu. Maana yake ni hii: uso laini hurudisha mwanga kwa pamoja, kama Ziwa Burigi alfajiri kabla ya upepo, bali kingo za mfereji huutawanya mwanga, nasi huona mstari mweupe. Maji huujaza mfereji kwa kitambo, na mwanga hupita sawa. (Nta nayo hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana baadhi ya wauzaji huipaka kabla ya mnunuzi kufika. Mvua chache tu, na mikwaruzo hurudi.) Kisha pitisha ukucha polepole kuukata mstari. Ukucha usipokwama, polishi itatosha. Ukikwama kidogo, fikiri sana. Ukiona kijivu cha praima au bati linalong'aa, polishi haina kazi pale.

Tena chunguza kama motakaa ina klia. Mwisho wa Aprili mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda zaidi ya 200,000 walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na baada yao wilaya ya Ngara ikajaa motakaa nyeupe za mashirika. Nyingi za motakaa nyeupe za kazi za namna ile zilipakwa rangi moja tu, bila klia. Ukisugua polishi mahali pa siri na kitambaa kikatoka na rangi ya motakaa, ujue ni ya namna hiyo. Haina ubaya, lakini yakupasa ujue kwamba hapo unapunguza rangi yenyewe.

Kwa mkwaruzo mwembamba, ipeleke motakaa kivulini na ungoje bati lipoe. Nunua polishi laini kuliko zote dukani, si ile ya ukali wa kwanza. Tia kitambaani kiasi cha punje ya haragwe, usugue mahali pasipozidi kiganja kimoja na nusu, kwa mkono mwepesi, kisha pangusa utazame. Rudia kama yafaa. Mkwaruzo ukisha fifia hata mtu aliyesimama hatua mbili hauoni, acha. Hapo ndipo wengi hukosea: hutaka uishe kabisa, na wakati mfereji umekwisha, klia nayo imekwisha. Jihadhari zaidi na kingo za milango na mikunjo ya boneti, kwani rangi ikiwa bado maji huvutika na kuikimbia kingo, ikakauka nyembamba pale.

Ukiwa wakwamisha ukucha kidogo, fundi hutumia msasa wa maji. Namba ya msasa ikiwa kubwa, ulaini umezidi, na kwa kazi hii hushika 2000 kisha 3000, si chini yake. Huuzungushia kipande cha mpira bapa, huuloweka maji yenye sabuni kidogo, hupitisha mara chache juu ya mkwaruzo tu, hukausha, hutazama. Maji yatokayo yakiwa meupe kama maziwa, hiyo ni klia. Yakigeuka rangi ya motakaa yenye klia, fundi mwema huweka msasa chini, asiongeze hata mara moja. Mahali hapo huwa pamefifia, naye hupang'arisha tena kwa polishi kali kidogo, kisha laini, kisha nta. Kwa kweli simshauri mtu ajifunzie kazi hii kwenye motakaa ya ndugu yake. Aende kwa fundi, aombe mlango uliotupwa, ajaribu huko.

Mkwaruzo uliofika kwenye bati ni habari nyingine, maana hapo kinachotishwa si uzuri tu. Mvua za vuli na masika hazichelewi. Kutu huanza mahali padogo, kisha hutambaa chini ya rangi iliyo nzima, ikavimba kama ngozi iliyoungua. Basi kwangua kutu kwa msasa mdogo bila kutanua kidonda, pangusa kwa spiriti ili mafuta yatoke, ukaushe. Kwa njiti ya kiberiti iliyochongwa au brashi ndogo, tia praima ndani ya mfereji tu, ikauke. Kisha rangi, nyembamba, mara mbili au tatu, kila mara ikikauka kama kopo lisemavyo. Mwisho klia. Namba ya rangi ya motakaa huandikwa kwenye kibandiko au kibati, mara nyingi penye mhimili wa mlango wa dereva au chini ya boneti. Ipeleke namba hiyo dukani, usipeleke macho tu, maana nyeupe ni nyingi. Kiraka kitaonekana kwa atazamaye karibu, lakini kutu haitaingia. Kupuliza rangi kwa mashine mwachie fundi mwenye kifaa cha kufunika pua na mdomo, kwa sababu rangi zichanganywazo na dawa ya kukaushia zina moshi uletao ugonjwa wa pumu, na watoto wasisimame karibu.

Neno juu ya dawa za mitaani. Dawa ya meno ni polishi dhaifu: yaweza kufifisha mkwaruzo mdogo sana, basi. Mafuta ya breki, ambayo wengine huyasifu, huilainisha rangi ikavimba na kutoka. Hata yakimwagika kwa bahati mbaya, mimina maji upesi. Petroli huondoa nta, tena huwaka. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali. Juu ya majivu na stiliwaya nimekwisha sema.

Mwaka jana mwendesha baiskeli mmoja aliparuza mlango wa motakaa ile ile kwa mpini. Mdogo wangu alinipigia simu kabla ya kugusa chochote. Tuliosha, tukatia tone la maji, mstari ukatoweka, tukajua ni klia. Nilisugua kivulini kwa fulana yangu mwenyewe, mara nne, nikaacha. Yeye alitaka niendelee, nami nikakataa. Ukiinama sana waweza kuuona bado. Mtoto yule wa irabu sasa yuko darasa la sita, na mdogo wangu afikapo, ndiye atangulizaye ndoo nje. Huleta mbili, bila kuambiwa.