Kuzifufua Flashi Kuukuu za Kamera

Flashi ya kamera, yaani taa ndogo inayotoa mwanga mkali kwa muda mfupi sana ili kummulika anayepigwa picha, ilikuwa tegemeo la wapiga picha wa sherehe na wa studio za Mwananyamala, Tandika na Mbagala jijini Dar es Salaam kwa miaka mingi kabla ya simu za mkononi kuchukua sehemu kubwa ya kazi yao, na nyingi kati ya taa hizo bado zimo makabatini zikidhaniwa kuwa zimekufa. Dhana hiyo mara nyingi si sahihi. Hitilafu huwa ndogo na ya bei nafuu kuiondoa, lakini imejificha ndani ya chombo kinachoweza kuua, na ndiyo maana matengenezo yake yanadai maarifa kabla ya bisibisi.

Betri nne za kawaida hutoa volti 6 tu, kiasi kisichoweza kuwasha taa ya aina hii. Kwa sababu hiyo transista na transfoma ndogo iliyomo ndani huupandisha umeme huo hadi volti 300 au zaidi, kazi inayoambatana na mlio mwembamba unaosikika mara swichi inapowashwa. Umeme uliopandishwa huhifadhiwa katika kapasita, kifaa chenye umbo la kopo kinachokusanya chaji polepole na kuiachia kwa mkupuo. Mpiga picha anapofyatua kamera, koili nyingine hutoa pigo la volti elfu kadhaa juu ya mrija wa kioo uliojaa gesi ya zenoni, gesi hiyo hugeuka kuwa njia ya umeme, na chaji yote ya kapasita hupita humo na kuwa mwanga. Mfumo huu uliendelezwa na Harold Edgerton katika chuo cha MIT nchini Marekani kuanzia miaka ya 1930, na misingi yake haijabadilika.

Kapasita yenye ukubwa wa maikrofaradi 1,000 iliyojazwa hadi volti 330 hubeba nishati ya takribani jouli 54, na inaweza kubaki na chaji hatari muda mrefu baada ya betri kutolewa. Mtu anayeigusa kwa mikono miwili anaweza kusimamisha moyo wake. Kuiunganisha miguu yake kwa bisibisi, kama baadhi ya watu wanavyofanya kwa haraka, hutoa cheche inayoyeyusha chuma na kuiharibu kapasita yenyewe. Njia bora ni kuimaliza chaji kupitia globu ya zamani ya wati 60 iliyofungwa nyaya zenye vishikio vya plastiki, kisha kuthibitisha kwa mita kwamba volti zimeshuka karibu na sifuri. Hatua hii hairukwi hata pale flashi inapoonekana haina uhai kabisa.

Katika mwambao wa Dar es Salaam, ambako hewa ina unyevu na chumvi, uchunguzi huanzia kwenye chumba cha betri. Betri kavu za zinki na kaboni, zikiwemo za National zilizotengenezwa jijini humo na kiwanda cha Matsushita kilichoanzishwa mwaka 1966, zina kopo la zinki ambalo lenyewe huliwa kadiri betri inavyotumika, hivyo betri iliyosahaulika ndani ya flashi huvuja na kuacha ukoko juu ya vibati vya kupokelea umeme. Uchafu wa betri hizo una asidi, nao husafishwa kwa maji kidogo yenye magadi ya kupikia. Uchafu wa betri za alkalini ni kinyume chake, na huondolewa kwa siki. Baada ya hapo vibati husuguliwa kwa msasa laini na kukaushwa vizuri. Flashi nyingi hupona hapo hapo.

Kama mlio hausikiki hata kwa betri mpya, hukaguliwa nyaya zilizoliwa na kutu, kisha swichi, kisha transista. Mlio ukisikika lakini taa ndogo ya kuonyesha utayari isiwake, kapasita inashukiwa kwanza, kwa kuwa utando mwembamba wa oksidi ya alumini unaozuia umeme ndani yake hudhoofika kwa kukaa miaka bila chaji. Utando huo unaweza kujijenga upya: flashi huwashwa kwa dakika kadhaa bila kufyatuliwa, huzimwa ipumzike, na zoezi hurudiwa mara chache. Betri zikipata moto au harufu ikitokea, kapasita hiyo haifai tena, na mbadala wake lazima uwe wa aina iliyotengenezwa mahususi kwa flashi, kwa sababu ya kawaida haihimili mkupuo mkubwa namna hiyo. Taa ya utayari ikiwaka na mwanga usitoke, kosa liko kwenye waya wa kufyatulia, kwenye koili, au kwenye mrija ambao ncha zake zimekuwa nyeusi.

Kazi haijaisha mwanga unapotoka. Baadhi ya flashi za zamani, hasa Vivitar 283 za mwanzo zilizotengenezwa Japani, hupeleka zaidi ya volti 200 kwenye mguu unaokaa juu ya kamera. Kamera za filamu zenye swichi ya chuma zilivumilia kiasi hicho, ilhali baadhi ya kamera za dijitali zimeundwa kwa volti 6 pekee na huungua saketi zake. Fundi makini hupima volti kati ya pini ya katikati na kibati cha pembeni cha mguu huo, flashi ikiwa imejaa chaji, na kulinganisha na kiwango kilichoandikwa katika kijitabu cha kamera. Ikizidi, flashi hubaki ya kamera za filamu, au hufyatuliwa kwa kihisi cha mwanga kinachoiwasha kutoka mbali bila kuigusa kamera.