Lango Linalosimama Baharini

Tia kijiti kwenye ndoo ya maji. Kinaelea, sivyo? Haya, niambieni: mafundi wa Japani walifanyaje hata wakasimamisha lango la mbao baharini, lisielee wala lisichukuliwe na mawimbi?

Lango la namna hii huitwa torii. Halina mlango wala komeo, halina ukuta kushoto wala kulia. Ni nguzo na boriti tu, kumjulisha mtu kwamba sasa anaingia mahali patakatifu. Hili ninalowasimulia liko kisiwani Miyajima, karibu na Hiroshima, mbele ya hekalu la Itsukushima. Watu wa kale waliona kisiwa chote ni kitakatifu. Basi lango likawekwa majini, mgeni apite chini yake kwa mashua kabla hajakanyaga nchi kavu.

Yamekuwapo malango mengine hapo kabla yake. La sasa ni la mwaka 1875. Urefu wake unakaribia mita 17. Nguzo mbili kubwa ni magogo ya mkafuri, mti ambao hauozi upesi na harufu yake huwakera wadudu. Kila moja ina wasaidizi wawili, nguzo fupi zaidi za mwerezi. Hesabuni wenyewe: miguu sita.

Na hakuna hata mguu mmoja uliochimbiwa! Mafundi walishindilia magogo ya misunobari mchangani, mengi, yamebanana, mpaka pakawa pagumu. Lango likaketishwa juu yake. Msihofu kwamba magogo hayo yataoza haraka, maana chini kule hewa haifiki, na pasipo hewa mti hudumu.

Lakini bado kuna kile kijiti chetu cha kwenye ndoo. Maji yakijaa, si mbao zitataka kuelea? Hapa ndipo penye ujanja ninaoupenda kuliko wote. Ile boriti ya juu kabisa, ambayo kwa mbali utadhani ni gogo moja nene, kumbe ni sanduku! Ndani yamejazwa mawe ya ukubwa wa ngumi, tani 7 hivi. Mawe hayo hukandamiza nguzo, na lango zima, lenye uzito wa tani 60 hivi, hutulia.

Kisha kuna kabari. Boriti inapopenya nguzo, mafundi hawakuibana kabisa. Waliacha nafasi wakaipigilia kabari za mbao. Tufani ikivuma, maungio hucheza kidogo, na nguvu ya upepo huishia humo. Yangebanwa sana, mti ungepasuka.

Hata hivyo bahari haichoki. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 miguu ya zile nguzo kubwa ilikuwa imeoza, ikakatwa na kuungwa mikafuri mipya. Kuanzia 2019 hadi 2022 ikaja tena zamu ya mafundi, wakalizungushia lango majukwaa na kulifunika. Pole yao watalii waliosafiri kutoka mbali miaka ile wakitaka kupiga picha!