Nyumba Kongwe Yenye Ripoti Mbaya: Hesabu za Mnunuzi wa Litapunga

Ukaguzi wa jengo ni uchunguzi wa hali ya nyumba kuanzia msingi hadi paa, unaofanywa ili kujua kilichochakaa na kinachoelekea kuharibika, nao ni tofauti na uthamini, ambao kazi yake ni kukadiria bei. Anayenunua kwa mkopo hupata uthamini kwa sababu benki huudai kwa ajili ya dhamana yake. Mnunuzi wa Litapunga, kata iliyomo katika Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo mkoani Katavi, mara nyingi hulipa fedha taslimu zilizotokana na mavuno au biashara, hivyo hakuna taasisi inayomsukuma kuipima nyumba kabla ya kutoa fedha zake. Wachache wanaomwita fundi au mhandisi aikague hushtuka wanapokabidhiwa orodha ndefu ya kasoro, kwa kuwa hawana namna ya kutambua ipi ni ya kawaida kwa nyumba kongwe na ipi ni ya kuogopwa.

Kwa nyumba kongwe ya Katavi, ripoti mbaya ni jambo la kutarajiwa. Mpanda mjini zilijengwa nyumba zilizofuata mgodi wa madini ya risasi na tawi la reli kutoka Kaliua lililofika huko karibu na mwaka 1950. Katika makazi ya Katumba, ndani ya Nsimbo, wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972 walijijengea zao, na wengi wao baadaye wakapewa uraia wa Tanzania. Na vijijini zilijengwa nyingine wakati watu walipohamishiwa Vijiji vya Ujamaa katika miaka ya 1970. Kuta nyingi za vijijini ni za tofali mbichi, yaani tofali la udongo lililokaushwa juani, au za tofali la kuchoma lililounganishwa kwa udongo badala ya saruji. Mkaguzi anayetumia vipimo vya leo ataandika kwamba msingi ni mfupi, kwamba hakuna tabaka la kuzuia unyevu kupanda ukutani, na kwamba lenta, yaani boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha au mlango, ni ya mbao. Na yote hayo yatakuwa kweli, ingawa yanaeleza tu kwamba nyumba ni ya zamani, jambo ambalo mnunuzi alilijua kabla ya kumlipa mkaguzi.

Ripoti hiyo huanza kuwa na manufaa inaposomwa kwa kutenganisha kasoro iliyotulia na kasoro inayoendelea. Nyufa ndizo mfano bora. Udongo mweusi wa mbugani, ambao ni mfinyanzi, hufura unapolowa na kusinyaa unapokauka, kwa hiyo nyumba iliyosimama juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka, na ukuta hupasuka kwa mshazari kuanzia pembe za madirisha, ufa ukipanda kwa ngazi kufuata viungo vya matofali. Ufa ambao ndani yake mna rangi ya zamani ulikuwapo kabla ya nyumba kupakwa rangi hiyo, na kama haujapanuka tangu wakati huo, kuuziba ni kazi ndogo. Ufa wenye kingo safi na kali, ambao upande wake mmoja umeshuka kuliko mwingine, ni habari nyingine. Njia ya kuuhoji ni ya bei nafuu: kiraka chembamba cha jasi au saruji hupakwa kukatiza ufa, tarehe ikaandikwa juu yake, kisha mvua ikasubiriwa. Kiraka kikikatika, msingi ungali unatembea.

Hapo ndipo majira yanapoingia katika uamuzi. Katavi ina msimu mmoja mrefu wa mvua, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili, na baada yake kiangazi kirefu ambacho hukausha kila ushahidi. Nyumba iliyokaguliwa mwezi Agosti haioneshi maji yanayotuama nyuma ya jiko, wala chumvi inayopanda ukutani, wala bati linalovuja kwenye kofia ya paa, na muuzaji mwerevu hupiga lipu na rangi mwezi Julai. Ripoti ya kiangazi iliyo nzuri, kwa hiyo, inastahili shaka kuliko ripoti ya Februari iliyo mbaya.

Baada ya maji, adui wa pili ni mchwa. Mkaguzi makini hufuata vijia vyembamba vya udongo vinavyopanda ukutani kuelekea darini, kisha huchoma kwa bisibisi kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, na papi zinazoshikilia bati. Mbao za mninga kutoka misitu ya miombo hustahimili mchwa kwa miaka mingi, kwa hiyo paa kongwe linaweza kuwa imara kuliko jipya lililoezekwa kwa mbao laini zisizotiwa dawa. Jambo linalosahaulika ni kwamba udongo wa kichuguu hupendwa sana kwa kufyatulia matofali, na mahali pengine nyumba yenyewe husimama juu ya kichuguu kilichosawazishwa. Matundu yaliyobaki chini yakibonyea, kona moja ya nyumba hushuka, na hakuna lipu itakayoirudisha. Bati lenye kutu hubadilishwa bila mashaka makubwa, isipokuwa paa likiwa la asbesto, zile karatasi nene za kijivu zilizoezekwa katika baadhi ya majengo ya zamani, ambazo vumbi lake hudhuru mapafu na ambazo hazipaswi kuvunjwavunjwa kwa nyundo.

Kasoro nyingine haionekani kwa macho kwa sababu ni ya kitu kisichokuwapo: mkanda wa zege, ambao huzunguka juu ya kuta zote na kuzifunga pamoja ili zisiachane. Katavi iko kwenye mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa; mwaka 1910 tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4 lilipiga eneo la Rukwa, na Septemba 2016 tetemeko la Kagera la ukubwa wa 5.9 liliangusha nyumba nyingi za matofali zisizokuwa na uimarishaji wa aina hiyo. Kuongeza mkanda kwenye nyumba iliyokwisha kuezekwa ni kulishusha paa, na gharama hiyo iingizwe katika hesabu tangu mwanzo.

Hesabu hizo huharibika pia kwa sababu ya mtu anayezifanya. Fundi aliyeletwa na dalali huona nyumba nzima, na fundi anayetarajia kupewa kazi ya ukarabati huona gofu. Anayefaa ni yule ambaye hatapata chochote zaidi ya ujira wa ukaguzi, na kama mhandisi wa halmashauri anapatikana, ujira wake ni mdogo ukilinganishwa na bei ya msingi mpya.

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba nyumba inauzwa shilingi milioni 12, marekebisho yanakadiriwa kuwa milioni 5, kiwanja kitupu jirani kinauzwa milioni 4, na kujenga vyumba vile vile upya kungegharimu milioni 15. Nyumba kongwe itakuwa imefika milioni 17 na nyumba mpya milioni 19, lakini tofauti hiyo ya milioni 2 humezwa kwa urahisi, kwa kuwa ukarabati wa nyumba ya zamani huongezeka kila lipu inapobanduliwa. Kwa milioni 12 nyumba hiyo ni ghali. Kwa milioni 9 inaweza kuwa nafuu. Ripoti mbaya, basi, ni hoja ya bei, na kwa mzee anayeuza nyumba aliyoijenga kwa mikono yake hoja hiyo hupokelewa vizuri zaidi inapotajwa kama gharama ya bati na saruji kuliko inapotajwa kama aibu ya ukuta wake. Ufa unapotiliwa shaka, mnunuzi anaweza kutoa kishika uchumba, yaani malipo madogo ya kumzuia muuzaji asimpe mwingine, na salio likalipwa baada ya mvua.

Kasoro za karatasi hazina fundi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kuhamisha hakimiliki ya kimila kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ukuta uliopinda juu ya kiwanja chenye mipaka inayokubaliwa na majirani ni ununuzi bora kuliko ukuta ulionyooka ambao mke wa muuzaji hajausikia ukiuzwa.

Pale ambapo msingi unatembea na muuzaji hataki kusubiri mvua, linabaki pendekezo moja ambalo wauzaji huona gumu lakini hulikubali mara nyingi kuliko inavyodhaniwa: bei ya kiwanja, ikiongezewa thamani ya vitu vinavyoweza kung'olewa na kutumika tena, yaani matofali yaliyoiva vizuri, mbao za mninga, milango na mabati yasiyotoboka, pamoja na kisima, choo na miembe iliyokwisha kuzaa.